Nilipita Bila Kusalimia

Jumamosi, jioni. Mvua ya jana usiku imeacha matope kila mahali, na anga ya Bunia bado imekunja uso. Mimi pia. Nimeketi, nimesimama, nimeketi tena. Chai imepoa mara mbili. Naandika kwa sababu kutulia kumenishinda.

Wanaosoma humu wanajua habari ya matembezi yangu. Yalianza siku muuguzi wa kituo chetu cha afya aliponipima presha, akakazia macho mashine, akanipima tena. Hapa tunaita tansio, na walimu wengi wa shule yetu wanayo. Vita imetufundisha kulala jicho moja likiwa wazi. Alinipa vidonge, kisha akaniambia vidonge peke yake havitoshi. Tembea kila siku, anza kidogo, ongeza polepole. Nikaweka lengo kwenye simu, hatua elfu tano kwa siku, huku nikimcheka moyoni. Lakini baada ya majuma machache nilianza kupata usingizi, na kipimo kikashuka. Basi nikaota mapembe, nikapandisha lengo hadi elfu nane.

Tabu ni pa kutembea. Zamani ningeshika barabara ya kwenda Bambu mpaka vilima vinichoshe. Sasa mji una mipaka ambayo hakuna aliyeichora na kila mtu anaijua. Kwa hiyo nazunguka mtaa wetu wa Rwambuzi, njia ileile, kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Aliyeninyima raha ni mama. Yeye ana sukari, na muuguzi alimpa agizo lilelile: atembee, damu ifike miguuni. Akakataa. Mama alikuja kwangu kutoka Bambu kwa miguu, kwa njia za porini, siku nyumba zao zilipochomwa, na tangu alipofika hajavuka kiingilio cha uwanja wa nyumba yetu, hata kwenda kanisani. Kila nikivaa raba ananitazama tu.

"Nilisha tembea, mutoto yangu," ananiambia. "Ile yangu ilikwisha."

Namkasirikia, halafu naona aibu kwa kumkasirikia. Miguu yake inavimba. Naogopa sukari itammaliza kidogo kidogo mbele ya macho yangu, akiwa ameketi.

Leo asubuhi nilichelewa kuamka. Nilitaka kumaliza hatua zangu kabla ya kupeleka karatasi za wanafunzi shuleni, kwa hiyo nikazitia kwenye begi la mgongoni na kuondoka mbio mbio. Hatua ndefu, kichwa chini, simu mkononi. Nilikuwa natoka upande wa kaskazini, ambako vita hutokea, nilipompita Mama Dorika, jirani yetu anayekaanga mandazi kando ya njia.

"Mwalimu, kuko nini?" aliuliza.

Kusimama kunavunja mwendo. Nikainua mkono, nikaonyesha mbele, maana yake narudi sasa hivi. Nikapita.

Kwetu humpiti mtu bila kumsalimia. Unamuuliza habari ya asubuhi, ya watoto, ya nyumba, naye anakuuliza wewe, hata mkiwa na haraka namna gani. Anayepita kimya ana sababu. Na anayetoka upande ule, begi mgongoni, bila jambo wala habari, mkono ukionyesha mbele, sababu yake inajulikana.

Niliyajua yote hayo. Nimezaliwa huku.

Nilipozunguka tena, meza ya Mama Dorika haikuwa na mtu. Mafuta yalikuwa bado yanachemka na mandazi yanaungua ndani. Njia ilikuwa imejaa watu, magodoro kichwani, masufuria, mbuzi wakivutwa kwa kamba. Hakuna aliyepiga kelele. Tumezoea. Nikamshika mama mmoja mkono nikamuuliza wanakimbia nini.

"Siye hatujue," alinijibu bila kusimama. "Wanasema kuko mwalimu mumoja ameona."

Wakati huohuo simu ikatetemeka mkononi mwangu. Ilikuwa inanipongeza kwa kufikisha lengo.

Nikakimbia nyumbani. Njia nzima nilikuwa nasema hakuna kitu, ni mimi, ni matembezi tu, lakini nani atamwamini mtu anayesema hakuna kitu huku anakimbia? Mlango wetu nilikuta umetiwa kufuli. Mama hakuwepo.

Mama asiyevuka kiingilio.

Nilimpata mbali, karibu na soko, ameketi juu ya jiwe bila viatu. Ndala zake zilikuwa zimebaki kwenye matope. Mapajani alikuwa amepakata kifurushi kidogo cha kitambaa, na alipokifungua nikaona vidonge vyangu vya tansio, vyote. Vyake vya sukari alikuwa amevisahau mezani.

"Nilikutafuta," alisema. "Nilijua hautakuwa na dawa."

Nikamwambia ukweli palepale, kwa sababu kama ningengoja nisingeweza. Nilimwambia hakuna vita leo, ni mimi niliyepita bila kusalimia. Aliitazama miguu yake na kucheka kidogo.

"Kumbe miguu ingali iko."

Ndipo nilipoona damu kwenye kisigino. Kituoni muuguzi alikisafisha kidonda, akakifunga, na hakutania kama kawaida yake. Mwenye sukari akiumia mguu si jambo dogo. Asiukanyage mpaka upone, alisema, na Jumatatu turudi akitazame.

Basi nimepata nilichokuwa nakililia. Mama ametembea zaidi ya siku zote alizokaa kwangu. Na sasa hawezi kutembea, na sababu ni mimi.

Watu wamerudi. Nasikia magodoro yakipigwa-pigwa vumbi huko nje, na watoto wanacheka. Kuna wanaonilaani, nina hakika, na wana haki. Nilikuwa nimeamua moyoni kuacha kabisa, kuzifungia raba sandukuni. Mama akanikatalia kutoka kitandani.

"Utembee. Weye uko na tansio. Lakini pole pole, nyumba kwa nyumba, usalimie kila mutu. Uwaambie na miye nawasalimia."

Nikamwambia kwa mwendo huo sitamaliza hata nusu ya lengo.

"Na uko na haraka ya kwenda wapi?" akaniuliza. "Barabara zote zimefungwa."

Akageukia ukuta, nikadhani amelala, kumbe bado.

"Mguu ikipona," alisema, "nitakusindikiza mpaka kwa Mama Dorika."

Kutoka kiingilio chetu mpaka kwa Mama Dorika ni hapo tu, mtu anaweza kuomba chumvi kwa sauti. Lakini muuguzi alisema tuanze kidogo.

Nimeshusha lengo kwenye simu. Nimekwenda kumtazama mama mara nyingi kuliko inavyohitajika, nikinusa kitambaa cha kisigino, nikimgusa paji la uso kama lina joto. Halina, au mkono wangu ndio wa moto. Sijui Jumatatu tutaambiwa nini.

Kesho asubuhi nitaanzia kwa Mama Dorika. Akiniuliza kuko nini, nitasimama.