Togwa Yangu Haina Sumu

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla posa yangu haijavunjika, maana mama wa mchumba wangu Fridolin ananiogopa kama muuaji, na chanzo ni mchezo wa kuigiza tu. Pasaka hapa Mchombe tuliigiza hadithi ya upelelezi, mimi nikawa mke mlaghai, Fridolin akawa mpelelezi wa kunikamata. Huyo mke anamkaribisha mumewe togwa, anaionja kwanza kama ilivyo desturi yetu ili ionekane haina kitu, halafu akimpa bakuli anachovya kidole gumba, kumbe sumu iko ndani ya ukucha, kisha kwenye msiba analia kuliko ndugu wote wa marehemu. Nililia mpaka kamasi. Lakini nilipochovya tu kidole, Mama Balbina, ndiye mama yake Fridolin, alisimama katikati ya watu akamwambia yule mume, "Baba, usinywe, ameweka kitu," tukacheka ukumbi mzima, hata marehemu alikufa huku anacheka. Tangu hapo nikimpelekea togwa nikaionja mbele yake, ananitazama kidole, anasema ameshiba, na juzi amemwambia Fridolin kwamba padri asitangaze ndoa yetu kanisani kwanza. Nampenda Fridolin, naye amenyamaza tu. Nifanyeje?

Apolonia, Mchombe

Marahaba, binti yangu. Pole, ingawa nimecheka hadi wenzangu wakaja kuniuliza kuna nini. Kuigiza unajua, ila watu bado hujawajua. Mama Balbina haogopi kidole chako. Angekuogopa, angekufukuza wewe na kibuyu chako. Yeye anakukaribisha, anakaa nawe, anasema ameshiba. Huyo amekasirika. Alichekwa mbele ya kijiji, na miongoni mwa waliomcheka ni mwanawe wa kumzaa na mkwe wake mtarajiwa, na hadi leo hakuna aliyemwomba radhi. Na huyo mpelelezi wako, hodari wa kukamata watu jukwaani, mbele ya mama yake sauti imekwenda wapi? Mchukue, mwende wote Jumapili baada ya misa. Pigeni magoti, mwombe radhi kwa kile kicheko, msitaje sumu kabisa. Safari hii usionje. Mkabidhi kibuyu, amimine yeye, akupe wewe unywe kwanza. Kisha mwambie kwamba siku ile, katika ukumbi mzima, ni yeye peke yake aliyesimama kumwokoa mtu.

Na kabla hujatoka nyumbani, kata hizo kucha.