Mfiwa Aambiwe Nini

Kamwene, nakusalimu mjukuu wangu Neema. Huku Njombe baridi ni kali, babu yako anakohoa, nami nimechoka tu. Umeniuliza, kwa kuwa unasomea unasihi, mfiwa aambiwe nini.

Enzi za Mwingereza nilikuwa nasomea uuguzi. Mama mmoja wa Makambako akafiwa na mtoto wodini kwetu. Nikaanza kumfariji, akasema, "Binti, usiseme kitu. Nisaidie kumwogesha." Tukamwogesha pamoja, huku yeye akimwita mwanawe kwa jina.

Tulipomaliza, nikaenda kuketi kwenye benchi la nje. Sista aliyetufundisha akaniletea chai. "Kaa hapa," akasema. "Wagonjwa wako nitawaangalia mimi." Nililia mpaka chai ikapoa.

Sasa wewe, mwanangu, ukitoka kwa wafiwa, nani anakaa nawe? Hilo niandikie.

Bibi yako