Keki ya Picha na Kuugua kwa Madam Iquo

KITUO CHA POLISI ODO-ISHIN, LAGOS
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Gbadegesin Olowookere
Umri: Miaka 52
Kazi: Dereva wa gari la mizigo, na mshauri wa wapishi wa keki
Makazi: Nyuma ya kiwanda cha barafu, Mushin

Mimi ndiye niliyeleta keki katika jiji hili. Afande anacheka, lakini na aandike. Kabla gari langu halijaanza kubeba keki za harusi, watu wa Lagos walikuwa wakioana kwa mkate wa siagi.

Mnamo Jumamosi tarehe 9 Novemba, saa mbili asubuhi, nilimpeleka Abosede, binti wa dada yangu, kwenye studio ya shindano la televisheni la Mabingwa wa Keki. Si shindano la mama wa nyumbani. Wote mle ni wapishi wa kazi yao, wa hoteli kubwa, na Abosede ni mkuu wa jiko la keki hotelini kwake. Siku hiyo walikuwa wanachaguliwa wa kuingia fainali. Nilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna kilichonipita.

Niliyoyaona yalinitia kinyaa. Jaji mkuu, Madam Iquo, mama mzima mwenye kilemba cha heshima, anatia kipande mdomoni, anafumba macho, anasema, "Mmm! Tamu!" Kamera ikigeuka tu, anainama na kutema kwenye ndoo ya bluu chini ya meza. Mwenzake naye anatema humo humo. Nilichungulia ile ndoo. Krimu, mate na rangi ya mdomo vinaelea pamoja kama uji wa mgonjwa. Nilimwuliza Preye, anayepanga meza, kama majaji wanaumwa.

"Mzee, wakimeza keki zote hizi si watapasuka?"

Nikamwambia kwetu hata mbwa akitema chakula cha mtu, huulizwa amekosewa nini.

Mnamo saa tano ilikuwa zamu ya Abosede. Alikata keki, akala kipande yeye kwanza. Ndivyo tulivyomlea: mwenye chakula huonja mbele ya mgeni, mgeni ajue hakuna ubaya. Bosi wa kamera, oga Dozie, akapiga kelele, "Simamisha! Dada, wewe ndiye jaji?"

"Oga, kwetu mwenye chakula huanza."

"Kwenu si kwenye televisheni!"

Wakaanza upya. Madam Iquo akaonja, mkono ukaifuata ndoo. Hapo nilisimama. Nilisema, "Mama! Ukitema jasho la binti yangu mbele ya macho yangu, nami nitakuja kutema kwenye harusi ya mwanao!" Watu walicheka mpaka taa zikatikisika. Madam naye akacheka, akasema, "Haya baba, yaishe. Kwa heshima yako, nameza."

Oga Dozie akasema sauti yangu imeingia, warudie tena. Lakini keki ilikuwa imeyeyuka kwa joto la taa na imeshamwagwa ndooni. Afande aelewe: kila mpishi huoka keki mbili zinazofanana, moja ya kuonjwa, moja ya picha. Ile ya picha ilikuwa imekaa chini ya taa tangu Alhamisi na krimu yake. Asubuhi ile nilimwona Preye akiipulizia dawa ya nywele, ile ya kina mama, ili ing'ae. Ndiyo aliyoileta mezani. Hakujali, maana majaji siku zote hutema.

Madam Iquo akatia mdomoni, akanitazama, akameza. Akakata kingine, akameza. Kabla ya saa sita alikuwa anatapika, akabebwa kupelekwa hospitali. Wenye studio wakawaambia polisi kwamba Abosede ametia kitu, na ile keki ya picha hakuna aliyeitaja. Sasa mtoto yuko mahabusu, fainali ni Jumatano, na akishtakiwa hakuna hoteli itakayomruhusu hata kushika mwiko.

Afande ameniuliza: Preye amekana, keki imetupwa, nimejuaje kuwa ubaya ulikuwa kwenye ile ya picha na si kwenye ya kwanza? Tena ameniuliza nilikuwa wapi Abosede alipokamatwa, kwa kuwa mlinzi wa lango alimsikia akiniita.

Nimeomba maji. Nimeletewa. Nimekunywa.

Asubuhi ile, majaji na wapishi walipokwenda kupakwa poda, niliichota keki ya picha kwa nyuma, pale kamera isipoona. Niliichota kwa kiganja, nikala. Sikuwa nimekula kitu kingine tangu usiku, na ile ya kuonjwa sikuigusa. Nilicheua, nikatoa harufu ya saluni. Nilijikaza hadi nilipoona Madam anabebwa, kisha tumbo likakataa. Nilikimbilia choo cha studio, sikuwahi. Abosede alipoita, "Mjomba! Mjomba Gbade, waambie!" nilimsikia vizuri sana. Sikutoka. Suruali ilikuwa kwenye sinki.

Ni hayo tu niliyo nayo, nimesomewa nikayakubali. Suruali ipo nyumbani, ikihitajika.

Sahihi: G. Olowookere

Maelezo haya yameandikwa nami, Sajini Osaro Igbinedo, Jumatatu tarehe 11 Novemba, saa nne asubuhi. Shahidi ameomba habari ya suruali ifutwe. Nimemweleza kwamba hiyo ndiyo itakayomtoa binti. Ametia sahihi.