Mguu wa Mama Khalid

Mwongeli uko? Usipige simu, siwezi ongea. Soma tu.

Ule mguu bandia wa kaboni nilimtengenezea Mama Khalid wa Mashimoni umevunjika. Akiwa ameuvaa.

Hajaumia sana, ni kiwiko kimechubuka. Lakini umevunjika Mwongeli. Ule mguu wangu.

Alikuwa anatoka kuteka maji na mtungi wa lita ishirini. Kwa ile kona ya mteremko jirani akamwita, akageuka. Ni hivyo tu, aligeuka. Anasema ulilia ka! kama kuni kavu.

Na si nilipima? Ulikuwa hapa Kawangware, uliniona. Niliuwekea mawe kilo mia, wiki nzima. Siku ingine nikautoa mawe, nikaubana kwa meza, nikausokota mpaka mikono ikachoka. Nikakwambia huu atazeeka nao.

Sai nimeushika. Nyuzi za upande mmoja zimejikunja, tabaka zimeachana katikati kama chapati. Uzito peke yake uliubeba. Kusokotwa peke yake uliweza. Vyote mara moja sikuwahi jaribu.

Nilipoenda kwake nikamweleza hivyo, eti nilipima uzito, nikapima kusokota. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Kwani nikienda maji, ni gani huwa naacha kwa nyumba?"

Nilichukua mtungi nikaenda kumtekea maji mengine.

Nikirudi na mtungi umejaa, kwa ile kona kuna mtu aliniita. Nikageuka.

Mwongeli, goti langu lilisikia vyote mara moja.