Dole la Nne la Bibi Anastazia

Kaka Deo,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kiti chako cha kuzunguka, pale stesheneri. Kilivunjika Jumatatu, mimi nikiwa juu yake. Hakuna aliyeumia isipokuwa heshima yangu: wateja watatu walishuhudia, na mmoja alicheka mpaka akasahau alichofuata. Sasa nakalia kreti la soda, na kitambi hiki ulichokuwa ukikisema.

Mengine ni ya kukasirisha tu. Bibi Anastazia wa Murusagamba anahitaji cheti cha ubatizo. Pale ofisi ya vitambulisho wakimsikia anaongea Kirundi wanadhani kavuka mpaka juzi, na bila karatasi ya kuonyesha kazaliwa huku, kitambulisho hapati. Daftari la parokia lililiwa na mchwa. Nakala iko kwa wamisionari wazee huko Ulaya, na wale wazee, Kaka, wanapokea maombi kwa faksi tu, yenye sahihi ya mwombaji.

Nikaandika barua kwa Word, safi kabisa. Nikaichapa, Bibi akaweka dole gumba, nikaiskani, nikaigeuza kuwa faili la picha la TIFF, maana huduma ya faksi ya mtandaoni haipokei kingine. Na picha ya faksi haijui kijivu. Kila nukta ni nyeusi au nyeupe, basi. Dole la Bibi likatoka kama punje ya kahawa iliyoungua. Wakajibu: sahihi haisomeki. Nikapunguza weusi, dole likaanza kuonekana, maneno yakatoweka. Nikauongeza, herufi zikavimba kama zimeumwa na nyuki. Nikaitukana kompyuta kwa Kihangaza chetu cha nyumbani, ikajizima. Kompyuta yako ina kiburi, Kaka. Umeirithisha.

Na kila mara Bibi anakuja kwa bodaboda, barabara ile unayoijua, anashuka akiwa mwekundu kwa vumbi. Nampa shikamoo, naye, "Marahaba, mwalimu. Wamenikubali?" Mwalimu! Miaka kumi na minane ya jiografia, nashindwa na kidole.

Watu wote niliwaambia tatizo ni mtandao. Mke wako, Mama Neema, nikamwambia nimegundua mbinu mwenyewe, naye akanisifu na kunimiminia chai. Usinitazame hivyo.

Basi pumzika kwa amani, Kaka. Kiti nitakipeleka kwa fundi, na gazeti halitakosekana mezani, nakuahidi. Ila siwezi kuikunja barua hii kabla sijakwambia ilivyokuwa hasa.

Nilichoka, nikaweka dole langu mimi. Wino kidogo, likatoka vizuri. Bibi hajui kusoma, nikadhani litapita. Akaichukua karatasi, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akasema, "Mwalimu, huyu si mimi. Mimi nina kovu." Akanionyesha: kisu cha kumenyea mihogo, tangu usichana wake. Sikuwa na pa kuficha uso. Nikajifanya natafuta kitu kwenye droo yako.

Humo nikakuta magazeti yako ya zamani yamejaa madole, matatu matatu, la kwanza jeusi tii, la tatu limeanza kufifia. Unakumbuka nilivyokuwa nikikutania, kwamba unawafundisha wazee kupiga mihuri gazeti? Nawe unajibu tu, "La nne ndilo lenye mtu." Nilikuwa nacheka. Sikuwahi kukuuliza kwa nini, na sasa… basi.

Nikampaka Bibi wino, nikamwekea gazeti, akaligonga mara tatu. La nne akaliweka kwenye barua. Nilipoigeuza kuwa picha ya faksi, kila mstari wa dole ulionekana, na kovu limepita katikati, jeupe.

Jana walijibu, wakatuma nakala. Jina lake lipo, la baba yake lipo, na Murusagamba imeandikwa kwa mkono wa padre. Bibi alinishika mikono yote miwili, akanishukuru mimi, nami nikazipokea shukrani zile kama zangu. Jumapili baada ya misa nitamwambia, mbele ya Mama Neema, ile akili ilikuwa ya nani.

Mdogo wako wa kwenye kreti,
Josephat