Nimemkosea Mama Mkwe kwa Sababu ya Mtama

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke, maana mimi ni shemasi na hapa Oyugis wananijua. Niliwaahidi kina mama wa kanisa kuku mia moja wa broila kwa ajili ya makambi, ile mikutano ya kanisa, nikanunua vifaranga, nikawachanganyia chakula chenye ngano iliyosagwa na ule unga wa vimeng'enya wa kusaidia tumbo, nikawapikia vizuri kama uji wa mtoto, lakini kufika siku ya kumi na mbili kinyesi kikawa kinanata, maranda ya mbao niliyowatandikia yakalowa, harufu usiseme, na hapo ndipo nikamfumania mama mkwe wangu, Mama Nyamoita, akiwarushia mtama, tena si uliosagwa, punje nzima! Nikamfokea mbele ya kina mama waliokuja kuona kuku, nikamwambia, "Mama, hii si kuku ya kienyeji, utaniulia hawa watoto!" Akanijibu polepole, "Bochaberi, kuku ni kuku. Hiyo firigisi Mungu alimpea ya nini?" Kesho yake akafunga nguo zake akaenda kwa binti yake Rongo. Sasa wiki imepita bila huo mtama na kinyesi bado kinanata, tena nilikuwa nimewatenga vifaranga kwa ubao, na ule upande wa mlangoni, ambao mama alikuwa anaufikia, ndio wenye vifaranga wazito. Mume wangu Bogonko anakula na kuondoka, makambi ni wiki tatu zijazo, na mimi naona aibu hata kumpigia mama simu. Nifanye nini?

Bochaberi, Oyugis

Bochaberi, nimecheka, unisamehe. Nimecheka kwa sababu kosa lako nililifanya mwenyewe nilipoanza kufuga. Umesema uliwapikia. Pamoja na vimeng'enya? Basi uliviua jikoni, dada! Ngano ndiyo inayofanya kinyesi kinate, na vimeng'enya ndivyo vinavyoipunguzia huo ulimbo, lakini havipendi moto. Pakiti imeandikwa, ila nani kati yetu husoma pakiti? Mama wa watu amesingiziwa bure.

Kuanzia leo wape chakula kikavu, unga huo uchanganye bila kupika, kwa kipimo cha pakiti, na maranda yaliyolowa uyatupe yote. Mtama urudi. Punje nzima huipa firigisi kazi, na firigisi inayofanya kazi hupata nguvu. Anza na kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya chakula, uongeze kidogo kidogo, na changarawe ndogo safi uwawekee pembeni, kwani kuku hana meno, firigisi husagia kwa hizo. Ule mtama mwekundu mchungu usiwape.

Hayo ya kuku ni mepesi. Kwa mama usimtume Bogonko, wala usijifiche nyuma ya simu. Nenda Rongo mwenyewe, ubebe sukari na majani ya chai, umwambie, "Mama, nilikukosea. Uji ndio ulioharibu, na mimi ndiye niliyeupika." Akikusimanga, nyamaza, umestahili. Na kwa kuwa ulimfokea mbele ya kina mama, wao pia wasikie ukweli kutoka mdomoni mwako, shemasi mzima.

Unaniandikia mimi, mtu nisiyekujua, kwamba umemkosea, na yeye anakaa kwa watu akidhani bado una hasira naye. Nenda Jumapili asubuhi, urudi naye.