Kichupa Chenye Jina Letu

Alhamisi, mwezi wa tatu. Ukungu haujaondoka huku milimani tangu asubuhi. Mvua inanyesha kidogo, inaacha, inarudi.

Leo ilikuwa kliniki ya sukari. Nimerudi kwa shangazi saa tisa na bado sijala, ingawa najua mtu wa sindano hatakiwi kukaa na njaa.

Naandika kwa sababu kusema nimeshindwa.

Pale kliniki tuko wawili wenye jina moja. Mimi ni Edeltruda Komba wa Ngumbo, niliyemaliza kidato cha nne na kuhamia huku kwa shangazi ili niwe karibu na hospitali. Yeye ni Edeltruda Komba wa Tingi, mama wa watoto wawili. Kwetu majina ya ubatizo ni yaleyale na koo ni zilezile, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Sista wa kliniki aliandika Mkubwa na Mdogo kwenye kadi zetu, yakaisha. Mwenzangu haniiti Mdogo. Ananiita somo, na kila kliniki hunishikia nafasi kwenye benchi kwa kutandaza khanga yake, maana anajua naona haya kumwambia mtu asogee.

Mwezi uliopita dawa iliadimika. Maduka ya dawa yameongezeka mjini siku hizi, lakini insulini inataka friji, na hatujapata duka linaloiweka. Hospitali kilibaki kichupa kimoja, na kilikuwa chake. Alishaniambia mwenyewe: kliniki ya nyuma alikosa, Sista akamwahidi cha kwanza kitakachopatikana.

Siku hiyo Sista alikuwa likizo. Nesi mgeni alitoa kichupa kwenye friji, akasoma plasta iliyobandikwa, akaita, "Edeltruda Komba."

Hakusema Mkubwa wala Mdogo.

Somo alikuwa hajafika, lori la Tingi lilikwama kwenye matope. Nyumbani nilikuwa na dawa ya siku tatu. Mimi ambaye darasani sikuwahi kunyoosha mkono hata nikijua jibu, nilisimama nikasema, "Nipo."

Nilipokuwa natoka, nilimkuta getini anaingia, viatu mkononi, matope hadi magotini.

"Somo, umeshapata?"

"Nimepata."

"Haya, afadhali. Nilikuwa nakuwaza njiani." Akacheka, akapita.

Tangu siku ile kichupa kinakaa kwenye chungu chenye mchanga uliolowa, nyuma ya mlango wa jikoni. Ndivyo tunavyohifadhi dawa isiharibiwe na joto. Kila asubuhi nakitoa, nafuta mchanga, nasoma jina. Chini ya jina kuna herufi mbili ndogo: Mk. Nesi hakuziona, au hakujua maana yake.

Mimi naziona kila siku kabla sijajidunga.

Leo dawa ilikuwepo tele, na Sista amerudi. Benchi lilikuwa na nafasi lakini nilisimama. Mzee Kapinga, mgonjwa mwenzetu mwenye shamba la kahawa, alikuwa akisema sukari iliyo mwilini mwake inatosha chai ya harusi mbili na msiba mmoja. Watu wakacheka. Kisha akanigeukia.

"Binti, somo wako wamemlaza tangu Jumapili. Hujaenda kumwona?"

Nilikwenda.

Alikuwa kitanda cha tatu, wodi ya wanawake. Kwenye faili lililoning'inia miguuni pa kitanda nilisoma jina langu. Nilisimama pale nikilisoma kama vile mimi ndiye niliyelala. Amekonda hadi pete ameivua. Mama yake alikuwa akimlowesha midomo kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye somo wake? Anakutaja kweli."

Akanieleza bila mimi kuuliza. Siku ile mwanaye alirudi mikono mitupu, hakumlaumu mtu. Kule Tingi kuna mgonjwa mwingine wa sukari, huyo ndiye akawa anamgawia mwanaye dawa yake kidogo kidogo, hadi ikawaishia wote wawili. Daktari bado hajasema kama atapona.

Mtu ambaye hata jina lake silijui aligawana naye. Mimi, somo wake, nilisema nipo.

Nilipotaka kuaga alifungua macho. Alinitazama muda mrefu, sijui kama alinitambua mara moja. Sauti yake ilitoka ndogo sana.

"Somo. Umeshapata?"

"Nimepata."

Nilikuwa na mwezi mzima wa kutafuta neno lingine, na ndilo lililotoka.

Sasa nimekaa jikoni. Nimebandua ile plasta taratibu isichanike, nimeibandika hapa pembeni ya ukurasa. Shangazi ameniuliza mara mbili nina nini, nikamwambia ni baridi.

Kesho saa sita mchana wanaruhusu kuona wagonjwa. Najua nikianza na salamu sitafika popote, nitaishia kusema mvua na matope. Kwa hiyo sitaanza na salamu. Nitamwekea plasta mkononi, aone zile herufi mbili, halafu mimi niseme yaliyobaki mbele ya mama yake. Baada ya hapo nitakwenda kwa Sista.

Na kama hataamka?

Aamke tu. Hata kama baada ya kesho hataniita somo tena.